Bia tatu halafu uendeshe mpaka Kwa Sadala: hesabu yake hii hapa

Mleta uzi, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya wakuu waliotangulia. Umesema umenunua gari lako la kwanza, IST, kazi yako ni mjini Moshi, unakaa Kwa Sadala huko Hai, na Ijumaa mnakaa pamoja na wenzako wa ofisini kabla ya kurudi nyumbani. Umeuliza mambo matatu. Je, ni kweli bia tatu si kitu kwa mtu mzima aliyeshiba? Ukikamatwa, mambo yanaishia palepale kwa trafiki au yanafika mbali? Na Desemba ndugu wakirudi nyumbani utafanyaje bila kuonekana unajitenga?

Majibu mengi hapo juu ni ya kuchekeshana tu. "Mbona sisi tunaendesha tukiwa bwii na tunafika." Ndiyo, mnafika. Wasiofika hawana bando la kuja kuchangia uzi.

Mimi ni wakala wa bima hapa Moshi, kazi ninayoifanya kwa miaka mingi sasa. Kuuza bima ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe huanza mteja anapopiga simu saa nane usiku akisema "kaka, nimepata tatizo kidogo hapa". Kwa hiyo nitakachokueleza hakitoki kwenye mahubiri, kinatoka kwenye mafaili.

Tuanze na hizo bia tatu. Chupa yetu ya kawaida ni mililita 500. Bia ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi ndani ya chupa moja. Kilimanjaro iko chini kidogo, asilimia 4.5. Safari iko juu, 5.5. Mwanaume wa kilo 75 akishusha chupa moja, damu yake inapanda kwa wastani kama miligramu 40 za kilevi katika kila mililita 100. Ya pili inamsogeza kwenye 80. Na hapo kwenye 80 ndipo sheria yetu ya usalama barabarani ilipoweka kikomo kwa dereva wa gari binafsi. Ukivuka hapo, hata kama unatembea wima na kuimba wimbo wa taifa bila kukosea, kisheria umelewa.

Mwili nao haukai bure. Ini linachoma, lakini kwa mwendo wake: kama miligramu 15 kwa saa, wala halina haraka na ratiba yako. Ukinywa tatu ndani ya saa mbili, umepanda kama 120, umechoma 30, umebaki na 90. Hiyo ndiyo "bia tatu si kitu" ya wakuu. Ukiwa mwembamba kuliko huyo wa kilo 75, unavuka mapema zaidi. Mwanamke wa kilo 60 chupa moja tu inampeleka kwenye 60 hivi, na ya pili haimalizi kabla hajavuka. Hilo halihusiani na nani ana kichwa kigumu. Kilevi hukaa kwenye maji ya mwili, na mwili wa mwanamke kwa wastani una maji machache zaidi.

Hizi ni hesabu za wastani, kila mtu na mwili wake. Ila kosa la wengi ni kudhani wao ndio wako upande mzuri wa wastani.

Kwa wale wa vikali: Konyagi ina asilimia 35. Kile kichupa cha mililita 200 kinabeba gramu kama 55 za kilevi, yaani karibu bia tatu za nusu lita. Mtu anakichanganya na soda, anakimaliza kabla kitimoto haijatoka jikoni, kisha anakwambia leo hajanywa kabisa, amegusa tu. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiyo usiihesabu kabisa. Ya leo si ya kesho, ya mama huyu si ya mama yule, na hakuna chombo chenye kibandiko cha asilimia. Siku ya mbege, gari halina nafasi, basi.

Sasa hilo la kushiba. Chakula kinasaidia, sikatai. Kinachelewesha kilevi kuingia kwenye damu na kinapunguza kile kilele chake. Lakini hakifuti kitu, na kina ujanja wake mbaya. Mmekaa pale mjini, mmekula ndizi na nyama vizuri, bia ya mwisho umeimalizia ukiwa umesimama kwa sababu wenzako wameshaondoka. Unaingia kwenye gari unajiona uko sawa. Kilevi cha chupa ile ya mwisho bado kiko tumboni, kitachukua nusu saa mpaka saa nzima kuingia chote. Kwa hiyo aliyewasha gari pale baa si yule atakayeshuka mteremko wa mto Kikavu njiani kurudi kwako. Pale Kikavu wewe mwenyewe unapajua: unashuka, kuna malori yanapanda yakihema, na nyuma yako kuna basi ambalo halitaki kusikia habari zako.

Ukiwa kwenye spidi 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Pombe ikikuchelewesha nusu sekunde tu kukanyaga breki, hizo ni mita 11 umepita bila kufanya chochote. Bodaboda isiyo na taa ya nyuma haihitaji hata mita 11. Shirika la Afya Duniani linasema dereva mwenye miligramu 100 yuko kwenye hatari ya ajali kama mara tano ya yule asiyekunywa kabisa, na ndiyo maana linashauri nchi ziweke kikomo cha 50, si 80. Kwa hiyo hata hiyo 80 yetu usiione kama ruhusa.

Kahawa haipunguzi kilevi. Inampa mlevi macho. Maji ya baridi, kujitapisha, kutafuna Big G, kufungua madirisha yote ukitoka Weruweru upigwe na upepo, yote hayo ini halina habari nayo. Linataka muda tu.

Na huo muda ndio unaowaumiza watu asubuhi, jambo ambalo sijaona mtu akiligusa kwenye uzi huu. Chukua mtu wa kilo 75 aliyeanza saa mbili usiku, akamaliza saa sita akiwa na chupa sita. Amepanda kama 240, amechoma 60 katika hizo saa nne. Analala na 180. Saa kumi na mbili asubuhi amechoma 90 nyingine. Anaamka na 90, bado yuko juu ya kikomo, na hapo ameoga, amepiga mswaki, amekunywa mtori, anajiona mtu mpya. Anampeleka mtoto shule.

Ndugu zangu wa Arusha mnaoendesha watalii, hili ni lenu zaidi. Kwa dereva wa biashara kikomo si 80, ni sifuri. Daladala, basi, lori, teksi, Land Cruiser ya kampuni yenye wageni sita wanaokwenda Ngorongoro: sifuri. Mgeni anataka kuchukuliwa hotelini alfajiri, wewe jana ulikuwa Kwa Mrombo na nyama choma mpaka usiku mkubwa. Hata kama hakuna askari atakayekupulizisha, mgeni anasikia harufu kabla hujafika Kisongo, na siku hizi haongei na wewe, anaandika mtandaoni. Nina mteja mmoja mwenye magari ya safari aliyenunua kipima ulevi chake mwenyewe, kila dereva anapuliza getini kabla hajapewa funguo. Mwanzoni walimnunia. Sasa wamezoea, na mwenyewe anasema kilichobadilika zaidi ni siku za katikati ya wiki, maana watu wanajua kesho kuna getini.

Kabla sijaenda kwenye pesa, niseme kuhusu raundi, kwa sababu naona ndiko tatizo lako lilipo. Hukusema unakunywa sana. Umesema mnakaa sita. Watu sita mezani, kila mmoja ana heshima zake, kila mmoja anataka aonekane ametoa raundi. Tayari ni bia sita kila mtu, hata kama hakuna aliyepanga kunywa sita. Ulikuja na nia ya mbili, ukakuta nne zimepangwa mbele yako zikitoa jasho, na kuziacha ni kama umemtukana aliyenunua. Dawa ya hili ipo na ni ya kwetu kabisa: "niwekee kaunta". Mwambie mhudumu bia zako zilizobaki azirudishe, aandike, utazinywa siku nyingine. Aliyekununulia ameshatoa, heshima yake iko palepale, na wewe hujanywa. Baa yoyote ya wateja wa kudumu hapa Moshi wanafanya hivyo. Ukienda wiki inayofuata una salio.

Sasa la pili, la kukamatwa. Wapo waliokwambia ni kumalizana tu. Makosa madogo ya barabarani unaandikiwa faini ya elfu thelathini, unalipa, unaendelea na safari. Ulevi ni jambo la mahakamani. Unapulizishwa, ukivuka unapelekwa kituoni, gari linabaki yadi. Sasa piga picha ya Ijumaa usiku. Dhamana inataka wadhamini, wenye vitambulisho, na barua ya serikali ya mtaa. Mtendaji gani utampata Ijumaa saa tano usiku akupigie muhuri? Kwa hiyo wengi wanalala, na kama mambo hayakunyooka Jumamosi, wanaonekana kazini Jumatatu mchana wakiwa na shati la Ijumaa. Mwajiri akiuliza, hakuna msiba wa kusingizia ambao Moshi nzima haitaujua kuwa haupo. Mahakamani kuna faini, kuna kifungo, na hakimu anaweza kukunyang'anya leseni kwa muda. Kama unaishi kwa leseni hiyo, basi umesimamishwa kazi.

Na kuna kosa la kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, ambalo halingoji namba ya kwenye kifaa. Ukiyumba barabarani, ukiwa na 60 zako unazojivunia, bado una kesi ya kujibu.

Kuhusu kumpa trafiki "ya maji", mimi nina mawili tu. Hilo ni kosa jingine, la rushwa, na TAKUKURU wapo. Halafu fikiria umenunua nini kwa pesa hiyo. Umenunua ruhusa ya kuendelea kuendesha ukiwa umelewa, usiku, kuelekea Kikavu.

Haya, pesa. Nitakupa faili moja, bila jina, na nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane. Mfanyabiashara, Harrier nzuri, thamani milioni 28, bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe. Kwa asilimia 3.5 alilipa 980,000, ukiongeza VAT ikawa 1,156,400. Alilipa yote kwa mkupuo, tena akanitania kwamba mimi ndiye ninayemnywea bia zake. Mwezi wa nane anatoka kwenye sendofu ukumbini mjini, anaelekea kwake upande wa Hai, akamgonga kijana wa bodaboda kwa nyuma kabla ya Weruweru. Kijana alivunjika paja. Mteja wangu alitoka na mchubuko wa mkanda na airbag mbili zimepasuka.

Siku ya tatu tumekaa ofisini kwangu tunajaza fomu ya madai. Fomu ina swali: je, dereva alikuwa ametumia kileo kabla ya ajali? Akaniambia niandike hapana. Nikaweka kalamu chini. Nikamwuliza, ulipofika hospitali daktari alikupima? Akasema hakunipima, aliniangalia tu. Nikamwambia, basi ngoja tuombe nakala ya faili. Faili lilipokuja, mstari wa pili chini ya tarehe, kwa mwandiko wa daktari: mgonjwa anatoa harufu ya pombe. Ripoti ya polisi nayo ilikuwa na maneno yake. Mtu wa kampuni anayechunguza madai anaanzia hapo hapo. Tungeandika hapana, tungeongeza udanganyifu juu ya ulevi.

Barua ya kampuni ilikuwa ukurasa mmoja. Aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza yangu, kisha akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna maandishi mengine. Hayakuwepo. Masharti ya bima karibu zote za magari yana kipengele hicho: dereva akiwa amelewa, hasara ya gari ni yake. Kiko kwenye ile karatasi ndefu ambayo kila mteja anaikunja na kuitupia kwenye dashibodi.

Harrier ilinyooshwa kwa pesa yake: bampa, taa, rejeta, bodi, na zile airbag. Nikuibie siri ya gereji: airbag ni ghali, na wapo mafundi wanaogundisha kifuniko juu yake bila kuweka mpya. Ukinunua gari la mkononi hapa mjini, kagua hilo. Yeye alitaka kufanya hivyo, mke wake akakataa.

Upande wa kijana kulikuwa na upasuaji wa kuweka chuma pajani, kulazwa, magongo, kurudi kliniki. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, na mwenye pikipiki alikuwa anadai hesabu yake ya kila siku kana kwamba kijana yuko kijiweni. Kodi ya chumba, mtoto mdogo. Wazee wa pande zote mbili walikaa kikao, wakakubaliana kiwango cha kila mwezi mpaka kijana asimame, mteja wangu akasaini. Akadhani yamekwisha. Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya kijana wala ya wazee. Makubaliano yanasaidia mbele ya hakimu, hayafuti shtaka. Aliendelea kupanda ngazi za mahakama, na kila tarehe ni siku ya duka kufungwa na wakili kulipwa. Kabla hukumu haijatoka alishatumia zaidi ya milioni kumi na mbili, achilia mbali kiwanja cha Mabogini alichouza kwa haraka.

Mtu atasema, si kuna bima ya mtu wa tatu, ingemlipa kijana? Ndiyo, sheria inaweza kuilazimisha kampuni imlipe aliyeumia hata kama wewe umevunja masharti. Ila baada ya hapo kampuni ina haki ya kukugeukia urudishe. Kwa hiyo yule aliyelipa 118,000 ya bima ndogo akadhani amenunua kinga ya kugonga watu akiwa tungi, hajanunua.

Na huyu wa faili langu ni mwenye bahati, kwa sababu kijana anatembea. Yapo mafaili ambayo siyasimulii humu.

La Desemba sasa, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, maana wewe ni mwenyeji na wageni watakutegemea. Ndugu anatoka Dar, ameendesha kilomita zaidi ya mia tano, Chalinze, Segera, Same, anafika jioni amechoka. Hajapumzika, anapewa kata ya mbege ya kumkaribisha, baba mkubwa anafungua bia, shemeji naye amekuja na chupa. Saa nne usiku mtu anakumbuka kwamba mkaa umeisha au kuna shangazi wa kupelekwa kwake ng'ambo ya korongo. Nani ana gari? Yuleyule aliyetoka Dar, ambaye uchovu na pombe vimekutana kichwani.

Barabara zetu za mlimani unazijua. Kibosho, Uru, Marangu, Rombo, hata huko kwenu Masama: nyembamba, kona baada ya kona, migomba imekaa hadi ukingoni inaziba anayekuja, mtaro wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Mvua ikinyesha, udongo unatoka kwenye vichochoro na kutandaa juu ya lami. Na usiku wa tarehe 24 watu wanatoka mkesha. Hawana njia ya miguu, wanatembea barabarani, familia nzima, bibi katikati kashikwa mikono, watoto mbele na simu zenye tochi, vitenge vya rangi nzito, wanaimba na hawasikii gari. Dereva wa Dar aliyezoea taa za barabarani anakuja na taa full, anakata kona. Kila mtu hapa Kilimanjaro anaujua usiku huo. Siongezi neno.

Sasa ufanyeje. Uamuzi unafanywa kabla ya chupa ya kwanza, ukiwa bado wewe. Baada ya ya tatu atakayeamua ni mtu mwingine mwenye sura yako, na huyo siku zote anaona yuko vizuri.

Siku za Ijumaa, gari liache Kwa Sadala. Panda daladala za Boma Ng'ombe asubuhi, jioni rudi nazo, na ukichelewa chukua teksi au piga bei na bajaji unayemfahamu. Utaona nauli ni kubwa, hasa usiku. Ilinganishe na bei ya raundi moja ya watu sita, utanyamaza. Kama lazima uje na gari, tafuta deiwaka, yaani dereva wa kibarua. Si lazima awe wa daladala. Kila mtaa una kijana mwenye leseni hai asiye na gari. Mwambie mchana kwamba saa nne akufuate, anakuendesha na gari lako mpaka nyumbani, unamlipa na nauli yake ya kurudi. Angalia leseni yake kwa macho, daraja na tarehe, na soma bima yako kama inaruhusu dereva mwingine kwa idhini yako. Nyingi zinaruhusu, lakini soma. Nina wateja Shanty Town wanaofanya hivi kila wikendi, na vijana wawili wamepata ajira ya kudumu kwa njia hiyo.

Funguo mpe mtu, lakini chagua mtu. Ukimpa rafiki mnayekunywa naye, ikifika saa tano mtabishana na atakurudishia kwa sababu naye yuko kama wewe. Mpe mtu usiyeweza kumjibu vibaya. Pale baa mpe mama mwenye baa mwenyewe, mwambie mbele ya watu: mama, hizi usinipe hata nikilia. Nyumbani Desemba mpe shangazi au mama mdogo asiyekunywa. Hakuna kijana wa Kichaga atakayesimama mbele ya mama mdogo wake saa sita usiku aseme "nipe funguo zangu" kwa ukali. Nimeona familia moja ya Old Moshi ina beseni. Kila gari likiingia kwenye boma, funguo zinaingia kwenye beseni, beseni linakaa chumbani kwa bibi. Anayetaka kutoka anaenda kumsalimia bibi kwa karibu. Bibi ana pua.

Kwenye ukoo pia mteue dereva wa zamu, na mumtunze. Asiyekunywa kwenye shughuli zetu anaonewa, anapewa soda moja ya moto na kazi zote. Mpe nyama ya kwanza, mnunulieni mafuta, mumwite dereva wa ukoo. Wapo walokole, wapo walio kwenye dawa, wapo wasioipenda pombe tu. Watu hao mnao, hamjawatumia.

Au lala. Gesti mjini haizidi bei ya meza yenu. Mjulishe wa nyumbani mapema ili isije ikawa kesi nyingine.

Nawe ukiwa abiria, haki yako ni ileile. Bodaboda wanaosubiri mlangoni mwa baa usiku wa manane wengine wamekunywa na wateja. Zungumza naye kwanza, mkaribie, mwangalie anavyoshusha stendi. Ukiona haeleweki, mwache aende. Weka namba ya mmoja unayemwamini, na helmeti uvae hata kama inanuka.

Ikitokea umegonga, au aliyekubeba amegonga: simama. Kama watu wana hasira na unaogopa, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe, lakini usikimbilie nyumbani kulala. Aliyeumia afikishwe hospitali, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ichukuliwe. Mpigie wakala wako usiku huohuo. Tutakasirika, lakini tutaamka.

Mwisho, nje ya yale matatu, uliuliza pia kama ununue kile kipima ulevi kidogo kinachouzwa mtandaoni. Kama ni cha bei ya chini, usikitumie kujipa ruhusa. Vinapoteza usahihi visipopimwa upya, na hata kikisema ukweli kinasema cha dakika hiyo, wakati bia ya mwisho bado inapanda. Kitumie asubuhi, kujua kama bado umo. Ikisoma chochote zaidi ya sifuri, panda gari za Boma. Na yule shemeji yako uliyesema anakuja na gari lake, Noah, tarehe 22, usimsubiri afike. Mpigie mke wake wiki hii, mpangane nani atashika funguo.